Kati ya Bika na Pipa Kuna Ndoo

Wahenga waliponena kwamba haraka haraka haina baraka hawakukosea hata chembe. Methali hii nimeijua tangu shule ya msingi. Nimeiandikia insha mara nyingi, na alama nzuri nikapata. Lakini maana yake sikuipata hadi Jumamosi moja ya muhula wa kwanza mwaka huu, nyuma ya maabara ya kemia, nilipoliona pipa la sabuni likifura na kumwaga uji wa moto kwenye nyasi huku sisi vijana wa Chama cha Sayansi tukikimbia kila mtu na njia yake.

Ndugu msomaji, huenda ulisikia vicheko vya siku hiyo. Wengine mlituita "mafundi wa volkano". Mimi sikasiriki, kwa sababu aliyefanya hesabu za siku ile ni mimi. Leo nachukua kalamu kusema wazi tulikosea wapi, na pia kupinga, kwa heshima na taadhima, pendekezo ambalo mwenyekiti wetu atalileta mkutanoni: ati tutumie pesa zote za chama kununua mtambo wa kuchanganya wa lita 200.

Mhariri aliniuliza kwa nini mambo ya kemia yaje katika jarida la Kiswahili. Nikamwambia, kwani sabuni tunaoga kwa Kiingereza?

Basi nianze na yaliyotokea. Tulikuwa tumetengeneza sabuni ya kipande maabarani mara tatu. Kila mara tulitumia nusu kilo ya mafuta ya mawese, gramu 70 za kostiki soda na maji kiasi cha mililita 170. Kostiki soda unaimimina ndani ya maji polepole (kamwe usimimine maji juu yake), inachemka yenyewe bila moto, unasubiri nusu saa ipoe, kisha unaichanganya na mafuta na kukoroga. Mara zote tatu sabuni ilitoka safi, nyeupe, yenye povu. Walimu wawili walinunua. Tukajiona moto wa kuotea mbali.

Hapo ndipo tamaa ilipotuingia. Wenzetu wanne hurudishwa nyumbani karibu kila muhula kwa sababu ya pesa za chakula cha mchana, na chama kilikuwa kimeahidi kuwasaidia. Tukaona kwamba tukiuza sabuni nyingi kwa siku moja, deni lao litaisha. Tukanunua mitungi miwili ya mafuta ya lita 20, yaani takriban kilo 36. Nikatoa kalkuleta. Kilo 36 ukigawanya kwa nusu kilo ni 72. Basi nikazidisha kila kitu kwa 72: kostiki soda kilo 5, maji lita 12 na kidogo. Muda wa kusubiri sikuuzidisha. Niliuacha vilevile, nusu saa, kwa sababu karatasi ilisema nusu saa.

Kostiki soda ilipoingia ndani ya ndoo ya maji, mvuke ulipanda na ndoo ya plastiki ikaanza kulegea kama mtu aliyechoka. Hatukupima joto. Kipimajoto kilikuwa kimefungiwa kabatini. Nusu saa ilipokwisha, tukamimina ndani ya pipa la mafuta na kukoroga kwa mti. Mchanganyiko ukapanda, ukapanda, ukamwagika. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili alirukiwa mkononi. Tulimweka chini ya mfereji kwa muda mrefu kama mwalimu alivyotufundisha, kisha akapelekwa zahanati. Amepona, lakini alama ukubwa wa kifuniko cha soda ingali mkononi mwake, na kila nikikaa naye kwenye mkutano wa chama macho yangu huenda pale.

Kesho yake tulipoikata sabuni, juu ilikuwa mafuta matupu. Chini, kule mti wetu haukufika, kulikuwa na vibonge vyeupe vya kostiki vinavyotoa maji ya kuwasha. Mwalimu wetu wa kemia alikataza kuuzwa hata kipande kimoja. Pesa zikaenda, na wale wenzetu wanne wakarudi nyumbani.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye hoja yangu. Fomyula yetu haikuwa na kosa. Viwango vilikuwa sahihi na hesabu ya kuzidisha ilikuwa sahihi. Kilichotuangusha ni kudhani kwamba kitu kikikua, kila tabia yake hukua pamoja nacho kwa kipimo kilekile. La hasha! Tulisoma Kidato cha Pili, katika mada ya miili inayofanana, kwamba urefu ukiongezeka mara 4, eneo la nje huongezeka mara 16 na ujazo mara 64. Wengi wetu tuliikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau. (Nimechukua 64 badala ya 72 kwa sababu mzizi wake wa tatu ni 4 kamili. Walimu wa hisabati mtanisamehe.)

Tafsiri yake ni hii. Joto huzalishwa na kemikali zote zilizo ndani ya chombo, kwa hivyo hukua mara 64. Lakini joto hutoka kupitia ngozi ya chombo peke yake, na ngozi imekua mara 16 tu. Kila kijiko cha kostiki ndani ya ndoo yetu kilikuwa na robo ya nafasi ya kupoa iliyokuwa nayo kijiko cha ndani ya bika. Kilichopoa kwa nusu saa maabarani kingehitaji kama saa mbili nje. Karatasi yetu ilipaswa kusema "subiri hadi nyuzi 40". Ilisema "subiri nusu saa", na jambo hilo lilikuwa kweli kwa bika tu. Ni kama mtu anayepika ugali wa watu wawili kwa dakika kumi, kisha akadhani ugali wa arusi utaiva kwa dakika kumi.

Na kukoroga je? Fimbo ya kioo ndani ya bika hufika kila kona. Mti ndani ya pipa huzungusha katikati tu, pembeni na chini kukalala usingizi. Kumbe jambo ambalo maabarani halikuwa hata na jina, katika pipa ndilo lililoamua kama tuna sabuni au tuna sumu.

Hili si tatizo la watoto wa shule peke yao. Sisi wa Kidato cha Tatu tunafundishwa mchakato wa Haber kwa mistari michache: naitrojeni na haidrojeni, kichocheo cha chuma, nyuzi 450, shinikizo mara 200 la hewa ya kawaida, unapata amonia, basi. Ukisoma hivyo utadhani Fritz Haber aliamka asubuhi akajenga kiwanda. Ukweli ni kwamba mwaka wa 1909, huko Karlsruhe, Ujerumani, Haber na msaidizi wake Robert Le Rossignol walionyesha kifaa cha mezani kilichotoa kiasi cha mililita 125 za amonia kwa saa. Hiyo haijai hata kikombe cha chai. Kampuni ya BASF ilimpa kazi ya kukikuza mhandisi aliyeitwa Carl Bosch.

Bosch hakuzidisha kwa kalkuleta. Alijenga mitambo ya majaribio ya ukubwa wa kati kule Ludwigshafen, na hiyo ndiyo iliyomwonyesha jambo ambalo meza ya Haber haikulionyesha. Mirija yake ya chuma cha pua ilipasuka baada ya kufanya kazi takriban saa 80. Haidrojeni yenye joto na shinikizo ilikuwa ikipenya ndani ya chuma na kula kaboni yake, hadi chuma kikawa dhaifu. Bosch akatandika ndani ya mrija tabaka la chuma laini lisilo na kaboni, na ganda la nje akalitoboa matundu madogo ili haidrojeni iliyopenya itoke bila kuleta madhara. Fikiria, mhandisi anatoboa kwa makusudi chombo cha shinikizo! Lakini ilifaulu. Kiwanda cha Oppau kilianza kazi mwaka wa 1913, na mwaka uliofuata kilifikia tani 20 kwa siku.

Kuna mtu mwingine katika kisa hiki ambaye vitabu vyetu havimtaji, na mimi ndiye ninayempenda zaidi. Ni Alwin Mittasch. Kazi yake ilikuwa kutafuta kichocheo cha bei nafuu, kwa maana Haber alikuwa ametumia osmiamu, ambayo ni adimu mno. Badala ya kujenga mtambo mmoja mkubwa wa kujaribu kitu kimoja, Mittasch na wenzake walitumia vijitambo vingi vidogo vilivyofanya kazi sambamba. Kila kimoja kilikuwa na kikopo cha kichocheo kinachochomolewa na kuingizwa kingine upesi, bila kubomoa kitu. Kufikia mwaka wa 1912 walikuwa wamefanya maelfu ya majaribio. Chuma tunachokariri leo, kikiwa kimetiwa viungo vingine kidogo, kilitoka humo. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kiwanda cha majaribio hakitoshi kuwa kidogo. Ni lazima pia kiwe chepesi kubadilishwa.

Kisa cha penisilini sitakirefusha. Mwezi wa Februari 1941, huko Oxford, Uingereza, askari polisi mmoja aliyekuwa mahututi alianza kupona kwa dawa hiyo, dawa ikaisha, na mwezi wa Machi akafa. Ujuzi ulikuwepo, kiasi ndicho kilichokosekana. Ilichukua kazi ya maabara ya Peoria kule Marekani, na matangi marefu ya kampuni ya Pfizer yaliyoanza kazi Brooklyn mwezi wa Machi 1944, ndipo dawa ikapatikana kwa wingi. Shida zao zilikuwa zipi? Kukoroga, kupoza, na kuingiza hewa safi. Si ni ndugu wa shida za pipa letu?

Sasa turudi nyumbani. Mwenyekiti wetu, ambaye namheshimu kama kaka, asema kwamba shida yetu ilikuwa mti wa kukorogea, na kwamba mtambo wa lita 200 wenye mota utatibu kila kitu. Wanaomuunga mkono wananiambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Nakubali kwamba mota itakoroga vizuri kuliko mimi. Lakini mtambo ule ni pipa la ngozi moja. Haupozi. Una tundu moja tu la kumimina na moja la kutolea. Una kasi moja. Hauna mahali pa kuchomeka kipimajoto. Tukiujaza, tutakuwa tumenunua volkano kubwa zaidi, na safari hii yenye umeme.

Mimi nataka ndoo. Yaani chombo cha katikati, cha lita 20, ambacho kitachukua kilo 5 au 6 za mafuta, mara kumi au kumi na mbili ya bika. Nimezungumza na fundi mmoja wa jua kali karibu na soko, na kasema anaweza kuunda sufuria ndani ya sufuria kwa chuma kisichoshika kutu, zenye nafasi kati yake ya kupitishia maji. Viwandani nafasi hiyo huitwa koti. Ukipitisha maji baridi chombo kinapoa, ukipitisha maji moto kinapata joto, na moto wenyewe haugusi kemikali. Nilisisitiza chuma kisichoshika kutu kwa sababu sufuria zetu za jikoni ni za alumini, na kostiki soda hula alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Kuna mtu alishapendekeza tuazime sufuria kubwa ya githeri ya jikoni. Tafadhali, tusithubutu.

Kifuniko kiwe na matundu matano au sita, hata kama leo tunahitaji matatu. Mengine tuyazibe kwa skrubu tungoje siku yake. Fundi alicheka aliponisikia nikimwomba matundu yasiyo na kazi, lakini hapo ndipo ilipo siri ya kubadilika. Tundu moja la kipimajoto cha juu, jingine la kipimajoto kirefu kinachofika chini, maana joto la juu likitofautiana na la chini ujue hukorogi, unajidanganya. Tundu la kudondoshea kostiki kidogo kidogo. Tundu la mvuke, lisizibwe asilani, ili chombo kisije kikawa bomu. Katikati ni mhimili wa kukorogea, wenye mota inayobadilishwa kasi na makasia yanayofunguliwa kwa spana: kasia pana la vitu vizito kama sabuni, kasia la mabawa la vitu vyepesi. Chini kuwe na vali ya kutolea. Chombo chote kikae juu ya fremu ya magurudumu, na chini yake trei pana ya kukinga kitakachomwagika. Pembeni kuwe na mfereji ulio wazi, glavu na miwani ya kujikinga. Haya ya mwisho yanunuliwe kwanza.

Kwa nini nataka matundu ya ziada? Kwa sababu sabuni si mwisho wetu. Nyuma ya ua wa shule kuna mikaratusi. Tukifunga kondensa kwenye tundu la mvuke, chombo kilekile kitatoa mafuta ya majani ya mkaratusi. Tukiweka kitambaa cha kuchujia chini ya vali, tunaweza kujaribu rangi za maganda ya miti. Mwaka wa 1915 Mmarekani Arthur D. Little alieleza kwamba kazi zote za viwanda vya kemikali, ziwe nyingi namna gani, huundwa na vitendo vichache vinavyorudiwarudiwa: kupasha joto, kupoza, kuchanganya, kukausha, kuchuja, kukeneka na kadhalika. Ukiwa na vitendo hivyo katika vipande vinavyoweza kuunganishwa na kutenganishwa, una viwanda vingi ndani ya chumba kimoja. Mtambo wa mwenyekiti unajua kitendo kimoja tu.

Nisije nikaonekana nauza maji jangwani, nitasema na ubaya wake. Chombo cha kazi nyingi kina taabu ya kusafishwa, na aliyekiosha vibaya ataharibu kazi ya anayefuata. Hakifai kila kemikali. Asidi ya haidrokloriki, kwa mfano, hukishambulia hata chuma kisichoshika kutu, ndiyo sababu viwanda vikubwa hutumia vyombo vya chuma vilivyopakwa kioo ndani. Sisi hatutaweza hilo, kwa hivyo asidi hiyo tusiitie humo. Tena kitu kilichopikiwa kemikali kisije kikapikiwa chakula hata siku moja. Na faida? Haitakuwepo mwanzoni. Sabuni ya ndoo itagharimu zaidi kwa kipande kuliko ya pipa. Kazi ya ndoo ni kutufanya tukosee kwa bei nafuu. Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani na kuvumbua plastiki ya Bakelite mwaka wa 1907, alishauri jambo kama hilo: makosa yafanyiwe mahali padogo, faida itafutwe mahali pakubwa. Sisi tulifanya kinyume.

Tena ndoo itatupa kitu ambacho bika peke yake haliwezi. Ukiwa na kipimo kimoja huwezi kuchora mstari. Tukipima muda ambao bika huchukua kupoa kutoka nyuzi 80 hadi 40, kisha tukapima muda wa ndoo, tutakuwa na nukta mbili, na tutaweza kukisia kwa akili pipa litachukua muda gani. Tukikisia saa mbili na pipa likachukua tatu, tutajua kuna jambo tusilolijua, na tutasimama kabla ya mtu kuumia. Daftari la vipimo hivyo nitaliandika mimi mwenyewe. Nina deni.

Na serikali nayo isidhani imeponyoka. Tunayo taasisi ya utafiti wa viwanda, KIRDI, iliyoundwa kisheria mwaka wa 1979, makao yake makuu Nairobi. Hilo ni jambo jema. Lakini mama anayetengeneza sabuni sokoni kwetu, au kijana mwenye wazo la mafuta ya parachichi, Nairobi kwake ni mbali na nauli hana. Viongozi hupenda kukata utepe wa kiwanda kikubwa cha bidhaa moja. Mimi ningeomba kila kaunti iwe kwanza na chumba kimoja chenye vyombo vya lita 20, 50 na 100 vya kubadilishwabadilishwa, pengine ndani ya chuo cha ufundi, ambapo mwananchi atalipa kidogo, atajaribu wazo lake kwa wiki moja akiwa na mtu anayejua vali ya usalama ni nini, kisha ampishe mwenzake. Wazo likifa humo, limekufa kwa mitungi miwili ya mafuta. Likifia kiwandani, limekufa na mkopo wa benki na shamba la mtu.

Kuna mwalimu aliyeniambia kwamba ninaota. Huenda. Lakini bei za fundi si ndoto. Sufuria ya koti na fremu yake aliniambia shilingi 24,000. Tukiongeza mota, vipimajoto viwili, mizani, glavu na miwani, hatufiki nusu ya bei ya mtambo wa lita 200. Kitakachobaki, naomba, kilipie chakula cha wale wenzetu wanne muhula ujao, kwa fedha taslimu, bila kungojea sabuni yoyote. Ahadi tuliwapa sisi. Volkano haikuwa yao.

Mkutano wa Chama cha Sayansi ni Ijumaa ya kwanza baada ya jarida hili kutoka, saa kumi jioni, katika maabara ya kemia, na kila mwanafunzi anakaribishwa. Nitakuja na mchoro wa sufuria na karatasi ya bei. Mwenyekiti naye atakuja na picha ya mtambo wake. Kabla hamjainua mikono kupiga kura, namwomba ajibu swali moja tu: lita 200 zikishachemka zenyewe, zitapozwa na nini?